Unataka kuanza kuwinda na hujui hata pa kuanzia? Soma hii kabla ya kununua bunduki

Kila mtu akiniambia anataka kuanza kuwinda swali la kwanza ni lile lile, "ninunue bunduki gani?" na mi huwa namjibu bunduki isubiri kwanza, kuna kama vitu vinne vitano vinatangulia na ukiviruka utakuja kujuta, tena anaejuta zaidi ni mnyama. Kuwinda sio kupiga risasi. Kupiga risasi ni sekunde moja kwenye siku nzima ya kutembea, kukaa kimya, kusoma upepo na mara nyingi sana kurudi mikono mitupu. Na ile sekunde moja yenyewe kitu kigumu sio kulenga, ni kujua lini usipige. Hilo ndo nataka ulishike mpaka mwisho, mengine yote nitakayoandika hapa yanazunguka hapo hapo.

Kwanza sheria, na usizisome juu juu

Najua hii ni sehemu inayochosha lakini bila hiyo wewe sio mwindaji, ni jangili tu hata kama nia yako ni nzuri. Kuna nchi uwindaji wa raia hauruhusiwi kabisa, kuna nchi unaruhusiwa kwa vibali vingi, kwingine lazima upite kozi na ufanye mtihani ndo upewe leseni. Kwa hiyo nenda ofisi ya wanyamapori ya eneo lako ukaulize mwenyewe, usitegemee maneno ya mtu aliyeambiwa na mtu.

Vitu vya kuuliza ni hivi: leseni ya kuwinda (hii kwa kawaida ni tofauti kabisa na kibali cha kumiliki silaha, wengi wanachanganya), msimu wa kila mnyama unaanza lini na kuisha lini, wanyama gani wanaruhusiwa na wangapi, dume tu au na jike, silaha gani inakubalika kwa mnyama gani, saa za kuwinda, na kama unaruhusiwa kutumia taa, gari, mbwa au chambo. Uliza pia kuhusu kusafirisha nyama na kama kuna ripoti unatakiwa upeleke baada ya kuua. Na ardhi ni ya nani, kama ni ya mtu binafsi pata ruhusa yake, ikiwezekana ya maandishi.

Misimu haikuwekwa kukubana. Mara nyingi inafungwa wakati majike wana mimba au wananyonyesha, ukiua jike mwenye mtoto mdogo pale umeua wawili, yule mtoto hafiki popote peke yake. Ukilielewa hilo hutahitaji askari wa wanyamapori akusimamie.

Tafuta mtu wa kukufundisha, halafu msimu wa kwanza nenda bila silaha

Huu ushauri wengi hawaupendi lakini ndo bora kuliko yote niliyonayo. Tafuta mwindaji mzoefu, mtaratibu, sio yule anaesimulia kila siku kaua wangapi. Mtu mzuri wa kukufundisha utamjua kwa kitu kimoja, atakuwa na hadithi nyingi za wanyama aliowaacha. Muombe umfuate tu, umbebee mkoba, ukae nyuma yake. Mzee aliyenifundisha mimi alinikatalia kushika bunduki porini karibu msimu mzima, nilikuwa naona ananionea kumbe alikuwa ananipa kitu ambacho hakinunuliki, alikuwa ananifundisha kuona.

Maana mgeni porini haoni kitu. Anatafuta mnyama mzima kama wa kwenye picha, wakati porini huoni mnyama mzima, unaona sikio linatikisika, mstari wa mgongo uliolala kati ya miti iliyosimama wima, weupe wa mkia. Tafuta vipande. Angalia kwanza kwa macho eneo lote, kisha chukua darubini na upekue polepole kutoka karibu kwenda mbali, hatua moja, simama, pekua tena. Darubini ya 8x42 inamtosha mtu yeyote anaeanza (8 ni mara ngapi inakuza, 42 ni upana wa kioo cha mbele kwa milimita), na kama hela ni ndogo bora upunguze kwenye bunduki ununue darubini nzuri. Halafu tafadhali usitumie darubini ya juu ya bunduki kuangalia vitu, maana hapo umeelekeza mdomo wa bunduki kwenye kitu usichokijua, inaweza kuwa ni mtu anaokota kuni.

Jifunze kusoma dalili pia. Nyayo zenye kingo kali ni mpya, zilizolainika au zenye majani na utando wa buibui ndani ni za zamani. Kinyesi kinachong'aa na chenye unyevu ni cha muda si mrefu, kilichopauka na kukauka kiache. Tafuta njia zao za kwenda majini, sehemu wanapolala, miti iliyosuguliwa. Wanyama wengi wanaowindwa hutembea zaidi alfajiri na jioni kwa hiyo uwe umeshafika na umetulia kabla hakujapambazuka, sio ndo unafunga gari mlango kwa kishindo jua limeshatoka.

Upepo

Naupa sehemu yake kwa sababu ndo unaowashinda wengi. Mnyama anaweza kukuona akasimama kukushangaa, anaweza kukusikia akasubiri asikie tena, lakini akikunusa hakuna mjadala, ameenda. Kwa hiyo upepo uwe unakupiga usoni au ubavuni, kamwe usitoke mgongoni kwako kwenda kwake. Beba kichupa kidogo cha unga mwepesi au majivu, minya kidogo hewani uone inaelekea wapi, rudia kila baada ya dakika chache maana upepo unageuka. Kwenye milima kuna utaratibu unaojirudia, usiku na alfajiri hewa ya baridi inashuka mabondeni, jua likishapasha ardhi hewa inaanza kupanda juu, kwa hiyo asubuhi mapema ukiwa juu ya mnyama harufu yako inamshukia na saa chache baadae mambo yanageuka.

Kuhusu nguo, watu wanatumia hela nyingi bure. Swala na jamaa zake hawaoni nyekundu na rangi ya machungwa kama sisi, wanaona vizuri zaidi upande wa bluu, ndo maana kizibao cha rangi ya machungwa kinachovaliwa ili wawindaji wengine wakuone hakiwashtui sana, lakini jinzi ya bluu inaweza kukuuza. Kinachowashtua hasa ni mwendo. Nguo isiyopiga kelele ukigusa kichaka, viatu ulivyokwisha vizoea, basi.

Sasa tuje kwenye bunduki

Kwa anaeanza, anza na wanyama wadogo, sungura au ndege kama kwale na kanga kama wanaruhusiwa kwako. Utapata nafasi nyingi za kujifunza na makosa yanakuwa madogo. Kwa sungura bunduki ya .22 inatosha (hiyo namba ni upana wa risasi kwa inchi), haina teke la kukugonga begani, risasi zake ni rahisi kuliko nyingi na utafanya mazoezi mpaka uchoke. Kwa ndege wanaoruka ni shotigani, ile inayotawanya vichembe vingi kwa mlio mmoja, geji 12 au geji 20 (geji ni kipimo cha upana wa mtutu), na umbali wake wa kweli kwa vichembe vidogo ni kama mita 30 hivi, 35 ukiwa mzuri, zaidi ya hapo vichembe vinatawanyika na unajeruhi tu. Ukija kwa swala wa ukubwa wa kati ndo unafikiria raifo yenye nguvu zaidi, inayopiga risasi moja moja, .243 au .308 zimewatosha watu kwa miaka mingi sana, na sheria ya kwako inaweza kutaja kabisa kiwango cha chini. Usikimbilie bunduki kubwa ukidhani inaziba upungufu wa shabaha. Bunduki yenye teke kali inamfundisha mgeni kufumba macho na kushtuka kabla ya kuvuta triga, na hiyo tabia ikishaingia kuitoa ni kazi.

Upinde ni habari nyingine, unahitaji miezi ya mazoezi na unapiga karibu sana, mita 20 hivi kwa anaeanza, mi nashauri usianze nao kama huna mtu wa kukusimamia.

Kanuni nne za usalama ambazo Mmarekani Jeff Cooper, mwalimu wa kutumia silaha, alizieneza zishike kama unavyojua jina lako. Kila bunduki ichukulie ina risasi, hata kama umeitoa mwenyewe sasa hivi. Usielekeze mdomo wake kwenye kitu ambacho hauko tayari kukiharibu. Kidole kisiguse triga mpaka umeshalenga na umeshaamua. Na jua unapiga nini na nyuma yake kuna nini. Hii ya nne ndo inayosahauliwa porini kwa sababu akili yote imeenda kwa mnyama. Risasi ndogo ya .22 inaweza kwenda zaidi ya kilomita 1 na nusu, ya raifo kubwa inapita kilomita 3, kwa hiyo mnyama aliyesimama juu ya kilima nyuma yake mbingu tupu, hapigwi. Haijalishi ni mkubwa kiasi gani. Unataka nyuma yake kuwe na udongo, ubavu wa kilima, kitu cha kuipokea risasi.

Ukivuka uzio, mtaro, ukipanda mti au jukwaa la kuwindia, toa risasi kwanza. Ukianguka au ukichomeka mtutu ardhini, toa risasi uangalie kama kuna tope ndani, mtutu ulioziba unaweza kupasuka. Ukivuta triga isilie, iache imeelekea sehemu salama nusu dakika nzima ndo uifungue. Ukiwa juu ya jukwaa vaa mkanda wa kujifunga kwenye mti, watu wengi wanaoumia kwenye uwindaji hawapigwi risasi, wanaanguka. Kinga masikio pia, mlio wa bunduki nyingi unazidi desibeli 140 na usikivu ukishapotea haurudi. Pombe iwe baada, bunduki ikiwa imeshafungiwa.

Mazoezi yasiyo na mazoea

Kwanza sawazisha bunduki yako. Ilaze kwenye mto au mfuko wa mchanga, piga risasi tatu kwenye karatasi kwa mita 100, tafuta katikati ya yale matundu matatu (sio tundu moja) ndo urekebishe. Darubini nyingi za raifo ukizungusha kitufe cha kurekebishia, kila "tik" moja inasogeza risasi kama milimita 7 kwa umbali huo. Acha mtutu upoe katikati maana ukichemka risasi zinaweza kuhama, na porini risasi yako ya kwanza itatoka kwenye mtutu wa baridi.

Halafu achana na meza. Porini hakuna meza. Piga ukiwa umelala, umekaa, umepiga goti, umeegemea mti, umeegemea fimbo, na mwishoni kabisa umesimama bila kitu, uone unavyotawanya ili usije ukajidanganya. Chukua sahani ya sentimita 15, iweke mbali kidogo kidogo, pale unapoanza kukosa hata risasi moja kati ya tano basi umeshavuka mpaka wako, rudi nyuma kidogo na hapo ndo mwisho wako porini. Kama ni mita 70 ni mita 70. Usione aibu. Kukaribia mnyama mpaka mita 70 ndo kuwinda kwenyewe.

Mimi huo mpaka niliuvuka. Mwaka wangu wa kwanza na raifo, jioni, swala dume kasimama mbali, nikajiambia nimeshapiga karatasi kwa umbali kama huo. Nilimpiga. Akakunja mgongo akaondoka akitembea taratibu, sikuelewa maana yake wakati ule, nikamkimbilia pale pale. Tulimtafuta mpaka giza na kesho yake asubuhi nzima na hatukumpata. Bado nalikumbuka lile eneo, kila jiwe, na ndo maana nakuandikia sehemu inayofuata kwa urefu.

Wapi pa kupiga, na nini cha kufanya baada ya mlio

Mnyama akikupa ubavu kamili, fuata mguu wa mbele kwenda juu, nyuma tu ya bega, kama theluthi moja kutoka chini ya kifua. Hapo kuna mapafu na moyo, ni sehemu kubwa kuliko zote za kufisha haraka na ukikosea kidogo bado uko ndani. Akiwa amesimama ameelekea mbali kidogo kimshazari ni pazuri pia, lenga ili risasi itokee kwenye bega la upande wa pili. Akikutazama uso kwa uso, akikupa mgongo, akiwa anakimbia, akiwa amejichanganya na wenzake, acha. Kichwa nacho acha, ubongo ni mdogo, kichwa kinatikisika kila wakati, na ukikosea unamvunja taya akafe kwa njaa siku kadhaa. Hakuna nyama inayostahili hilo.

Ukishapiga, ingiza risasi nyingine na uendelee kumwangalia. Akiruka juu akirusha miguu ya nyuma kisha akakimbia kwa kasi, mara nyingi ni moyo au mapafu. Akikunja mgongo na kuondoka taratibu, ni tumbo. Weka akilini aliposimama na alipopotelea, chagua mti au jiwe la kukumbukia, maana ukitembea hadi pale kila kitu kitaonekana tofauti. Kisha subiri nusu saa. Nusu saa ya saa, sio ya moyo wako. Mnyama aliyejeruhiwa asipofuatwa huwa analala karibu, ukimfuata mapema unamwamsha na anakwenda kilomita nyingi.

Ukifika pale soma damu. Ya pinki yenye mapovu ni mapafu, hayuko mbali. Nyekundu iliyoiva kuelekea weusi inaweza kuwa ini, mpe saa mbili tatu. Ukiona majimaji ya kijani au vipande vya majani na harufu ya tumbo, ondoka kimya kimya na umpe saa sita au zaidi, na omba msaada wa mtu mwingine. Tembea pembeni ya njia ya damu usiikanyage, weka alama ya karatasi kila unapoiona, ikipotea rudi kwenye alama ya mwisho uzunguke kidogo kidogo. Ukimkuta amelala mkaribie kutokea nyuma, umguse jicho kwa fimbo ndefu. Akipepesa bado yuko hai, mpige tena mara moja umpumzishe.

Na ukiwa hujapata damu yoyote usiseme nimekosa ukaenda nyumbani. Nenda mita mia mbili tatu kila upande alikoelekea. Anakudai hilo.

Nyama

Hapa joto ndo adui. Toa matumbo haraka iwezekanavyo, vaa glavu, kisu kifupi chenye makali kinatosha, sentimita 8 hadi 10, geuza makali yatazame juu na vidole viwili vikiongoza ncha ili usitoboe utumbo wala kibofu. Kikitoboka ufute na kukata nyama iliyochafuka. Mweke kivulini, mtanue kifua kwa kijiti hewa ipite, kama hakuna baridi basi barafu ihusike mapema, nyama inatakiwa ishuke hadi nyuzi 4 au chini yake. Kata na kutupa nyama iliyozunguka tundu la risasi, kipande kikubwa tu, risasi iliyotengenezwa kwa ledi (yale madini ya risasi yenye sumu) inamwaga chembe ndogo sana usizoziona, ndo maana wengine tumehamia risasi za shaba.

Angalia viungo vya ndani. Ini lenye madoa meupe au majipu, usaha, tezi zilizovimba, mwite afisa mifugo au wa wanyamapori kabla hujala. Sungura anaweza kuwa na tularemia, ugonjwa wa bakteria unaoambukiza hata watu, nguruwe pori anaweza kuwa na ugonjwa wa kutupa mimba unaoingia hata kwenye mkwaruzo wa mkono, pia ana minyoo ya trikinela ambayo kukausha na kufukiza moshi sio dawa ya uhakika, ipike hadi ndani ifike nyuzi 71. Mnyama uliyemkuta amekufa mwenyewe usimguse kabisa, kimeta hakina mzaha, na anayetembea kwa kuyumba bila kuogopa watu mwache na utoe taarifa.

Vya kubeba usizidishe: maji mengi kuliko unavyodhani, taa ya kichwani na betri za ziada, kisu, kamba, bandeji na mkanda wa kuzuia damu (jifunze kuutumia kabla), simu yenye chaji, leseni zako. Mwambie mtu uko upande gani na utarudi saa ngapi, ukibadilisha eneo mwambie tena.

Beba pia daftari dogo. Kila siku andika upepo ulikuwa unatoka wapi, ulimwona mnyama saa ngapi, alikuwa anafanya nini, na kama hukupiga andika kwa nini hukupiga. La kwangu la mwaka wa pili lina siku 19, na 17 kati yake nimeandika sababu ya kutopiga.